Gego la Chini: Mkono wa Voi au Mashine ya Mombasa?

Mdogo wangu wa Mwatate ameandika: gego la chini limeoza hadi kwenye neva. Kliniki moja Voi itamfanyia ruti kanali kwa mkono; nyingine Mombasa ina mashine, na bei yake si mchezo. Afunge safari?

Dada, kazi ni ileile: kutoa neva iliyoharibika, kupanua mifereji ya mizizi, kuiosha na kuiziba. Tofauti iko kwenye tupa, vile visindano vya kukwangulia. Za mkono kwa kawaida ni za chuma cha pua. Kwenye mfereji uliopinda, chuma hicho hutaka kunyooka, kikachimba pembeni. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walieleza tupa za nikeli na titani, zinazopinda kirahisi zaidi, na hizo ndizo zinazofungwa kwenye mashine.

Mashine nazo zina tabia zao. Mfumo uitwao ProTaper huzunguka upande mmoja, na daktari hubadilisha tupa kadhaa. Mifumo ya Reciproc na WaveOne huenda na kurudi, na mara nyingi tupa moja inatosha. Kwa mwendo huo wa kwenda na kurudi unakaa kitini muda mfupi zaidi, na hatari ya tupa kukatikia ndani hupungua. Hata hivyo, daktari bado huanza na tupa ndogo ya mkono kutafuta njia.

Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili, na ule wa mbele hupenda kupinda. Kwa hiyo piga eksirei hapo Voi kwanza. Mzizi ukiwa umenyooka, mkono mzuri unatosha kabisa. Ukipinda sana, mimi ningepanda basi.

Lakini usiulize kuhusu mashine peke yake. Hakuna tupa inayogusa kuta zote za mfereji. Vichochoro vingine vinafikiwa na dawa tu, ileile kemikali iliyomo kwenye Jik, kwa kipimo cha daktari. Uliza kama wanazungushia jino raba ili mate yasiingie. Uliza tupa zimetumika mara ngapi, maana nikeli na titani huchoka bila kuonyesha dalili. (Atakayekasirikia swali hilo, mwage.) Uliza pia utarudi mara ngapi, ujumlishe nauli, na krauni, yaani kofia ya jino, ni shilingi ngapi, kwani gego lililotibiwa bila kufunikwa hupasuka kirahisi.

Shavu likivimba na homa ikapanda, achana na hesabu hizi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, siku hiyohiyo.