NJIA ZA MBIO KATIKA MILIMA YA GUSII

Kwa kawaida ukurasa huu wa mafunzo hutuletea ngeli, methali na uandishi wa insha. Leo nawaomba tutoke nje ya darasa, tufunge kamba za viatu, tujifunze jambo ambalo halimo katika silabasi: jinsi ya kuchagua njia ya kukimbilia katika milima hii yetu ya Kisii na Nyamira. Ngeli tutakutana nazo njiani, msiwe na wasiwasi.

Ukimwuliza mwanafunzi wa hapa Daraja Mbili mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ya mbio, atakutajia uwanja wa Gusii. Akiwa mjuaji zaidi atakutajia Iten, ambako hajawahi kukanyaga. Ni wachache mno watakaotaja kijia kinachopita nyuma ya migomba ya jirani yao, kikateremka mtoni, kikapanda ng'ambo ya pili. Mimi nasema kijia hicho ndicho uwanja wetu wa kwanza, na tusipokijua na kukitumia kitafungwa tukitazama.

Tuanze na ushahidi, maana maneno matupu hayavunji mfupa. Mwaka 1953 kijana wa Kisii, Nyandika Maiyoro, alikwenda Antananarivo, Madagaska, kisiwa kilichokuwa wakati huo chini ya Ufaransa, akashinda mbio za mita 3,000. Mwaka 1956 alikuwa wa saba katika mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Melbourne, na miaka minne baadaye, kule Roma, akawa wa sita. Arere Anentia naye alirudi na nishani ya shaba ya maili sita kutoka Cardiff mwaka 1958. Kisha akaja Naftali Temu wa Mugirango Kaskazini. Tarehe 13 Oktoba 1968, katika jiji la Mexico City, alishinda mita 10,000 na kuipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia kwa sita za kumi za sekunde, yaani kupepesa jicho tu! Mwaka 1972 mjini Munich, Charles Asati, Hezahkiah Nyamau na Robert Ouko (mwanariadha, si yule waziri) wakiwa pamoja na Julius Sang walinyakua dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Na tarehe 10 Julai 1993, huko Oslo, Yobes Ondieki akawa binadamu wa kwanza kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27. Saa ilisoma 26:58.38.

Je, ardhi yetu iliwapa nini? Kwanza, hewa. Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa. Siku ile ya Temu, Ron Clarke wa Australia, ambaye ndiye aliyeshikilia rekodi ya dunia, alimaliza wa sita akaanguka chini na ikabidi apewe oksijeni. Kisii mjini ni karibu mita 1,700, na kadiri unavyoelekea Nyamira na Keroka unazidi kupanda. Temu hakuwa mgeni wa hewa nyembamba.

Pili, milima yenyewe. Hapa kwetu tambarare ni kitu cha kutafuta kwa tochi. Mwinuko huufundisha moyo na mapaja kazi ambayo uwanja hauwezi kuufundisha hata ukizunguka mara hamsini. Ila tahadharini na mteremko. Wengi hudhani kuteremka ni kupumzika, kumbe ndiko kunakoumiza magoti na mapaja zaidi, kwa kuwa kila hatua mguu unakuwa breki. Fupisha hatua, legeza mabega, usijitupe. Kwa sababu hiyo mwenye kuanza mazoezi achague njia ya kupanda wakati wa kwenda na kuteremka polepole wakati wa kurudi, si kinyume chake. Usije ukajikuta chini kabisa bondeni, umechoka tiki, na nyumbani ni huko juu.

Sasa njia zenyewe. Malkia wao ni Manga. Kila mtu aliyesimama Kisii mjini ameuona ule ukuta wa mawe upande wa Nyamira, lakini wengi tumeutazama tu kama picha ya kalenda. Ukifika kwenye ukingo wake asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, utaona mabati ya mji yakimetameta chini yako, na siku ambayo mbingu ni safi utaliona hata Ziwa Viktoria kama utepe wa fedha. Si mchezo! Lakini tuelewane: genge si mahali pa kukimbilia. Upandie njia ya gari, tena sehemu kali zaidi utembee bila aibu, kisha kimbia huko juu, kwenye barabara za murramu na vijia vya mashambani, ukiwa mbali na ukingo. Huko juu miguu inapata udongo badala ya lami, na macho yanapata cha kutazama hadi unasahau kuhesabu dakika. Ukitaka kujipima, tafuta mwinuko wa mita mia mbili hivi, upande kwa nguvu, ushuke ukitembea, mara sita zinatosha. Ukifika ya saba na bado unacheka, hukupanda kwa nguvu.

Njia ya pili ni ya mtoni. Gucha huanzia nyanda za Kiabonyoru kule Nyamira na kuteremka hadi ziwani, na hata mji wetu una Nyakomisaro unaopita katikati yake. Vijia vya kando ya mito ni laini na vina kivuli, ila mvua ikinyesha udongo wetu mwekundu huwa sabuni. Na mvua ya Kisii mnaijua, haingoji masika: asubuhi jua, alasiri radi. Basi kimbia alfajiri, mara tu kunapopambazuka.

Ya tatu ni mashamba ya majani chai, upande wa Kebirigo na kwingineko Nyamira. Hapo kuna utulivu wa ajabu, kijani kitupu pande zote. Jihadhari tu na lori la majani linapokuja kuchukua mzigo. Barabara ni nyembamba na dereva ana haraka zake.

Kuhusu barabara kuu ya lami ya kwenda Keroka, sitaisifu. Ni pana na haina matope, lakini matatu na bodaboda haziko pale kukupisha wewe. Ukilazimika kuipita, kimbilia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, vaa nguo nyeupe, na usizibe masikio kwa muziki. Siku ya soko hapa Daraja Mbili usijaribu kabisa. Utakimbia vipi kati ya mama mwenye beseni la chinsaga kichwani na mkokoteni uliojaa ndizi?

Dada zetu nao wana la kusema, na tuwasikilize. Njia inayomfaa mvulana akiwa peke yake saa kumi na mbili kasoro alfajiri huenda isimfae msichana. Nendeni wawili watatu, mwambieni mtu njia mtakayopita na saa ya kurudi. Na sote tuamkiane na wenye mashamba: "Bwakire buya" moja asubuhi huifungua njia kuliko kibali cha chifu. Mzee akikujua kwa jina la baba yako, hatamwachilia mbwa.

Mtauliza, bila saa ya kisasa tutajuaje umbali? Nenda uwanjani, kimbia mzunguko mmoja wa mita 400 kwa mwendo wako wa kawaida, hesabu hatua. Tuseme umepata 360. Basi kilomita moja kwako ni hatua 900. Hiyo ndiyo rula yako, ingawa mlimani hatua hufupika, kwa hiyo ongeza kidogo. Na mwendo je? Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Unapokimbia taja ngeli kwa sauti: A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI, KU, PA-KU-MU. Ukizitaja zote bila kuhema, huo ni mwendo wa mazoezi mepesi. Ukikwama kwenye LI-YA, umezidisha. Na kama ulikwama kwa kuwa hukuzisoma, hilo ni baina yako na mwalimu.

Nimesema vijia vitafungwa, nieleze. Kila baba akigawia wanawe shamba, ua mpya unapandwa, na ua hupenda kusogea. Kijia kilichopitisha ng'ombe wawili leo kinampitisha mtu mmoja akiwa upande upande, kesho ni seng'enge tupu. Wafaransa, ambao mashamba yao ya mizabibu na ngano nayo yamegawanywa, walianza mwaka 1947 kuchora alama za rangi nyeupe na nyekundu kwenye miti na mawe ili kuonyesha njia ndefu za miguu mashambani. Kazi hiyo hadi leo hufanywa na watu wa kujitolea wenye kopo la rangi na brashi. Njia inayopitwa kila wiki na yenye alama si rahisi kuimeza usiku mmoja.

Kwetu, ramani za upimaji katika ofisi ya ardhi huonyesha barabara za umma kati ya shamba na shamba, na mwananchi yeyote anaweza kuomba kuziona akilipa ada. Pendekezo langu kwa chama ni hili: muhula ujao kila mwanachama achore kijia kimoja cha kwao katika karatasi moja, aandike hatua zake, mahali panapoteleza, kisima kilipo, na jina ambalo wazee hukiita. Michoro apewe katibu kabla ya likizo ya Agosti. Wa Manga wachore kwa penseli kwanza, maana najua mtagombana kuhusu njia ipi ndiyo fupi.