KIRUSI KILICHOENEA BILA KUONEKANA
Saitomegalovirusi na wanawake wa umri wa kuzaa

Yako maradhi ya kuambukiza yanayotambulika upesi kwa dalili zake, kama surua na tetekuwanga. Yako na mengine yanayopita mwilini bila mwenyewe wala jirani yake kutambua. Saitomegalovirusi, kirusi cha ukoo mmoja na kile cha tetekuwanga, ni cha kundi hili la pili. Jina lake lamaanisha kirusi cha seli kubwa, kwa kuwa seli iliyoambukizwa huonekana katika darubini ikiwa imevimba kupita kiasi. Maabara tatu za Marekani zilifaulu kukiotesha mnamo mwaka 1956 na 1957. Thomas Weller, mmoja wa wataalamu hao, alikipa jina hilo mwaka 1960.

Namna kinavyoenea

Kirusi hiki hupatikana katika mate, mkojo, maziwa ya mama, damu na majimaji ya uzazi. Mtoto mdogo aliyeambukizwa aweza kukitoa katika mate na mkojo kwa miezi mingi, hata miaka. Katika mji mdogo kama Pongwe, ulio kwenye barabara itokayo Tanga kwenda Muheza, mtoto hubebwa na mama, bibi, shangazi na dada zake, naye hula na kulala pamoja na wenziwe. Katika maisha ya namna hiyo watu wengi huambukizwa wangali wadogo. Baada ya hapo kirusi hakitoki tena mwilini. Hulala humo maisha yote, na mara kwa mara huweza kuamka.

Wingi wa maambukizo

Damu ikipimwa na kuonekana kuwa na kingamwili za kirusi hiki, maana yake ni kwamba mtu huyo aliwahi kuambukizwa; si kwamba sasa ni mgonjwa. Uchambuzi wa tafiti za nchi nyingi uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa duniani wanawake 86 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wanazo kingamwili hizo. Huko Thika, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulizikuta kwa wajawazito wapatao 77 katika kila 100.

Je, wingi huo ni kinga?

Wengi hudhani kwamba mama aliyekwisha kuambukizwa hawezi tena kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Hesabu rahisi yaonyesha kuwa sivyo. Ichukuliwe mfano wa wajawazito 1,000, na kati yao 860 wawe na kingamwili. Kirusi kilicholala chaweza kuamka, au mama aweza kupata aina nyingine ya kirusi hicho hicho. Ikidhaniwa kuwa mtoto 1 katika kila 100 wa kundi hili huambukizwa, watapatikana watoto wapatao 9.

Wamebaki wanawake 140 wasio na kingamwili. Ikidhaniwa kuwa 5 katika kila 100 wao huambukizwa kwa mara ya kwanza wakiwa wajawazito, hao ni 7. Katika hali hiyo kirusi humfikia mtoto katika mimba moja kwa kila tatu hivi. Basi watoto ni 2. Hatari kwa kila mama aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza ni kubwa zaidi, lakini watoto wengi walioambukizwa, 9 kati ya 11, ni wa akina mama wenye kingamwili. Kingamwili hupunguza hatari, haziiondoi.

Madhara kwa mtoto

Watoto wengi walioambukizwa tumboni hukua salama. Hata hivyo, karibu mmoja katika kila watano hupata madhara ya kudumu, na yaliyo mashuhuri ni uziwi. Uziwi huo waweza kuanza miezi au miaka baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyeanza kusema vizuri huacha kuitika, naye huitwa mkaidi au mzito wa kuelewa, kumbe hasikii. Mwalimu akiona mwanafunzi anayetazama midomo ya msemaji, au asiyegeuka aitwapo kutoka nyuma, yafaa ashauri apimwe masikio mapema. Kwa familia ya Pongwe safari hiyo huweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu, na ikilazimu kufika Hospitali ya Bombo mjini Tanga.

Kujikinga

Chanjo ya rubela, ugonjwa mwingine unaodhuru watoto tumboni, ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2014 pamoja na ya surua. Kwa saitomegalovirusi bado hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Kinga iliyopo ni usafi: mjamzito anawe mikono kwa sabuni baada ya kumbadilisha mtoto nepi au kumfuta kamasi na mate, wala asitumie kijiko kilichotoka kinywani mwa mtoto. Hii si sababu ya kuacha kumbeba mtoto wala kumnyonyesha aliyezaliwa kwa wakati wake. Faida ya maziwa ya mama ni kubwa mno.

Mazoezi

1. Kwa nini kuwa na kingamwili si sawa na kuwa mgonjwa?
2. Rudia hesabu ya hapo juu ikiwa wenye kingamwili ni 600 tu kati ya 1,000. Ni kundi lipi sasa litoalo watoto wengi zaidi walioambukizwa? Eleza sababu.
3. Taja njia tatu ambazo dada mkubwa aweza kumsaidia mama mjamzito nyumbani ili asiambukizwe.