Uzamivu wa usalama wa mtandao: mtafute msimamizi kabla ya ufadhili

Kila msimu wa maombi ukikaribia, makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa kompyuta hujaa picha za matangazo ya ufadhili. Mtu anauliza, "Hii inalipia kila kitu?" Akijibiwa ndiyo, anaomba kumi kwa barua ile ile, kisha anashangaa kukataliwa kote. Shahada ya uzamivu haiendi hivyo. Mara nyingi anayeamua ni profesa mmoja anayejiuliza kama anaweza kukaa na wewe miaka minne mkihangaika na tatizo moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuwa na swali, na ya pili ni kumpata mtu ambaye swali hilo linamnyima usingizi.

Kwa maswali, sisi wa Afrika Mashariki tumekaa pazuri. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka uliofuata, na ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuna asiyeupata. Mwaka 2015, kwenye mkutano wa USENIX Security, watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliwasilisha uchambuzi wa programu 46 za Android za pesa za simu, saba kati yake wakazichimba kwa kina. Walikuta makosa ya msingi kabisa: programu nyingine hazikukagua sawasawa cheti cha seva, kiasi kwamba mtu aliyejipenyeza katikati ya mawasiliano angeweza kuyasoma. Lakini zile saba zilitoka India, Brazili, Indonesia, Thailand na Ufilipino. Tena ni programu za simu janja. Mama anayebonyeza nyota 150 nyota 00 reli kufungua M-Pesa kwenye kitochi chake hayumo.

Hapo ndipo pa kuingilia, ila uingie na swali, maana mada peke yake haitoshi. "Usalama wa miamala ya simu Tanzania" ni mada tu, na profesa ataisoma na kuipita. Jaribu hivi: mteja asiyeona vizuri, anayempa wakala simu yake na kumtajia namba ya siri, anapoteza ulinzi gani, na menyu ingepangwaje ili asilazimike kuitaja? Hilo linapimika. Unaweza kukaa na mawakala, ukatengeneza menyu mbadala, ukaona kama watu wanaitumia.

Kama moyo wako uko kwenye hisabati, nenda kwenye usimbaji unaostahimili kompyuta za kwanta: Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa viwango vitatu vya kwanza, na kazi ya kuvifanya viende kwenye vifaa dhaifu bado ni kubwa. Akili unde nayo ina nafasi, lakini usiitaje kwa sababu tu kila mtu anaitaja.

Msimamizi utampata kwenye makala za utafiti. Soma za mikutano minne inayoheshimika zaidi: USENIX Security, IEEE Symposium on Security and Privacy, ACM CCS na NDSS. Za USENIX na NDSS zinapakuliwa bure. Kwenye orodha ya waandishi, mara nyingi jina la kwanza ni la mwanafunzi na la mwisho ni la msimamizi. Mwandikie profesa, lakini mwandikie na mwanafunzi, umuulize bosi wake hujibu kazi baada ya muda gani na wenzake wangapi wameacha njiani. Majibu hayo hayaandikwi kwenye tangazo lolote.

Barua kwa profesa iwe fupi, aya tatu. Usianze na "nimevutiwa sana na utafiti wako". Hizo anapata kila siku. Anza na jambo mahususi ndani ya makala yake: "Kwenye sehemu ya tano mlidhani kila mtumiaji ana simu yake mwenyewe. Ninakotoka, simu moja hutumiwa na familia nzima, na nadhani matokeo yangebadilika kwa sababu hii." Aya ya pili useme umewahi kutengeneza nini, ukiweka kiungo cha msimbo wako. Ya tatu uulize kama anachukua wanafunzi mwaka ujao. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe mara moja, kisha hamia kwa mwingine.

Pesa sasa. Ujerumani, Uholanzi na Uswidi, mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi huajiriwa kwa mkataba na mshahara. Kwa Ujerumani, angalia kituo cha utafiti cha CISPA kilichoko Saarbrücken na taasisi ya Max Planck ya usalama na faragha iliyoko Bochum. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya hupokea watu wa uraia wowote, mradi usiwe umeishi nchi unayoiombea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Marekani unaweza kuanza ukiwa na shahada ya kwanza tu, na maombi mengi hufungwa Desemba. Uingereza uwe macho: kupata nafasi ya chuo si kupata ufadhili, na ada ya mgeni ni kubwa.

Usioneshe ustadi wako kwa kupekua mfumo wa benki bila ruhusa, hata kama hukuchukua kitu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zinauhesabu uingiaji huo kuwa kosa. Fanyia mazoezi kwenye mashindano ya udukuzi au mfumo uliojijengea. Na ukipanga kuja kukusanya data nyumbani, weka kwenye ratiba ya andiko lako la utafiti muda wa kuomba kibali cha utafiti cha COSTECH kwa Tanzania au, kwa Kenya, NACOSTI.

Barua za mapendekezo ziombe miezi miwili kabla. Mpelekee mwalimu wako andiko lako na ripoti ya mradi aliousimamia. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hakukumbuki, na barua ya "alikuwa na bidii na nidhamu" haimsaidii mtu.