Mbio za Hisani: Jinsi Hatua za Mkimbiaji Zinavyogeuka Matibabu ya Mtoto

Marathoni ni mbio za kilomita 42.195. Wakazi wa Mbuji, waliozoea kupanda na kushuka milima ya Umatengo kwenda kwenye ngoro zao, hawaogopi mwendo mrefu. Swali la somo hili ni jingine: mtu akikimbia, mtoto mgonjwa hunufaikaje?

Mfano uko hapa nchini. Mwaka 2020 Benki ya CRDB ilianzisha marathoni yake jijini Dar es Salaam ili kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili. Jijini Nairobi, Hospitali ya Mater imeandaa mbio za aina hiyo kwa miaka mingi, kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya moyo ambao wazazi wao hawana uwezo.

Fedha za mbio hizo hutoka katika njia tatu. Ya kwanza ni kiingilio cha mkimbiaji. Ya pili ni ahadi: jamaa na majirani huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita atakayoimaliza. Ya tatu ni ufadhili wa makampuni na taasisi.

Tuchukulie kwamba wakimbiaji 200 wamelipa shilingi 10,000 kila mmoja. Makusanyo ni shilingi 2,000,000. Iwapo fulana, maji na gari la wagonjwa vitagharimu shilingi 1,200,000, mtoto atabakiwa na shilingi 800,000 tu. Lakini wafadhili wakibeba gharama hizo, shilingi zote 2,000,000 zitamfikia. Kwa hiyo mwandaaji makini hutafuta wafadhili kwanza, ndipo atangaze siku ya mbio. Tunalijua jambo hili katika ngokela: mwenye shamba huandaa chakula kabla ya kuwaita walimaji.

Aidha, imani ya wachangiaji hulindwa kwa maandishi. Kamati ifungue akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, itoe stakabadhi kwa kila mchango, na isome mapato na matumizi mbele ya mkutano wa kijiji.

Hata hivyo, si kila ugonjwa wa moyo unapaswa kungoja upasuaji. Baadhi ya watoto huzaliwa na tundu kwenye moyo. Dalili zake ni kuchoka wakati wa kunyonya, kupumua kwa kasi na kutoongezeka uzito. Wengine huharibikiwa na valvu za moyo kutokana na maambukizi ya koo yaliyoachwa bila tiba, hasa kati ya umri wa miaka 5 na 15. Maambukizi hayo hutibika kwa dawa za jamii ya penisilini. Mzazi anayemfikisha mtoto zahanati mapema huenda akamwepusha na safari ya Dar es Salaam.

Kijiji au shule inayotaka kuandaa mbio ianze na kilomita 5. Waandaaji wawasiliane na Afisa Michezo wa Halmashauri kuhusu utaratibu, wawaombe polisi kulinda usalama barabarani, na wamshirikishe mganga mfawidhi wa kituo kilicho karibu. Mkimbiaji mgeni ajizoeze taratibu kwa wiki kadhaa, na mwenye maradhi ya kudumu apimwe kabla ya kushiriki.