Tozo Zilizo Ndani ya Bima Yako ya Afya

Ukinunua bima ya afya kwa kampuni ya kibinafsi, utalipa zaidi kidogo ya bei uliyotajiwa. Tofauti hiyo ni tozo za kisheria, na kila moja ina kiwango chake.

Chukua bima ya shilingi 40,000 kwa mwaka. Ada ya mafunzo ya sekta ya bima ni asilimia 0.2, yaani shilingi 80. Mchango wa Hazina ya Kufidia Wenye Bima ni asilimia 0.25, yaani shilingi 100. Hazina hii hulipa madai ya wateja, hadi kiwango kilichowekwa, kampuni ikifilisika. Ushuru wa stempu ni shilingi 40. Jumla ni 40,220. Kampuni nayo huchangia hazina hiyo asilimia 0.25, lakini kutoka mfukoni mwake, si mwako. VAT haitozwi malipo ya bima. Wakala akiiongeza, shilingi 6,400 zitakutoka bure; mtake akuonyeshe kifungu cha sheria.

Wengi hulalamikia hizo shilingi 220 na kusahau jambo kubwa zaidi. Anayelipa kodi ya mapato hupunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya malipo ya bima yake ya afya, isizidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Kwa mfano wetu ni shilingi 6,000. Mpe mwajiri cheti cha bima, au ujaze mwenyewe unapowasilisha ritani za KRA kufikia Juni 30.

Mchango wa SHA, asilimia 2.75 ya mshahara, hauna tozo hizi. Tangu mwisho wa Desemba 2024, huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kuhesabiwa.