Trakta inawaka halafu inazima: usikubali injini ifunguliwe tena

Mdogo wangu wa Yangambi, pole sana. Massey Ferguson 35 ya marehemu baba, injini ya Perkins ya silinda tatu, mmeifunga upya kwa pistoni na ringi mpya. Asubuhi inawaka bila shida, inanguruma kidogo, kisha sauti inapanda na kushuka mpaka inazima. Sasa fundi anataka kufungua silinda hedi tena, na nyumbani wanauliza pesa ya mihogo imekwenda wapi.

Nisikilize dada yako kabla spana haijashikwa. Injini inayowaka upesi na kunguruma safi, mara nyingi pistoni zake hazina kosa. Ile sauti ya kupanda na kushuka ni ya injini inayokosa mazutu, au inayovuta hewa pamoja na mazutu.

Anza na jambo lisilo na gharama. Legeza kifuniko cha tangi uwashe. Ikidumu, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kisha fungua bomba chini ya tangi uangalie mazutu yanavyotoka. Yakianza kwa nguvu halafu yakakonda kama uzi, kutu na uchafu vimeziba mdomo wa tangi. Trakta iliyolala miaka hujaa kutu humo, na mafundi wengi huosha injini yote wakasahau tangi.

Hapo ukiona bado, tundika bidoni dogo safi lenye mazutu juu ya injini, uunganishe mpira mweupe unaoonyesha ndani mpaka kwenye filta, utoe hewa, uwashe. Jaribio hili nalipenda kuliko yote. Trakta ikifanya kazi nusu saa bila kuzima, kosa liko kwenye tangi, bomba au pampu ndogo ya kuvutia mafuta. Ikizima, weka mpira kama huo kati ya filta na pampu ya nozeli, uutazame: mapovu yakipita, hewa inaingia, na mahali inapoingia pengine hapadondoki hata tone. Shuku kwanza washa za shaba. Zile za zamani zikirudishwa hazibani. Zipashwe moto mpaka ziwe nyekundu, zipoe, zitakuwa laini tena. Mpya ni bora zaidi.

Ikiwa inazima ikiwa moto tu na inakataa kuwaka mpaka ipoe, zima, funika pampu ya nozeli kwa kitambaa kilicholowa maji, subiri kidogo. Ikiwaka, pampu imechakaa. Hiyo usiruhusu ifunguliwe chini ya mwembe. Ipelekwe Kisangani kwa fundi wa pampu mwenye vifaa vya kuipima. Ni kilomita mia hivi na nauli inauma, lakini pampu iliyochokonolewa inauma zaidi.

Kuna hali mbili ambazo fundi wako atakuwa na haki: injini ikizima, ukaizungusha kwa mkono ikawa nzito kuliko asubuhi, au maji ya rejeta yanachemka. Hapo acha kabisa kuiwasha. Na mnapotoa hewa kwenye mabomba ya nozeli, mkono wako ukae mbali. Mazutu yenye presha hupenya ngozi.

Mazutu yanayokuja kwa mapipa ya mtoni yalaze usiku kucha, uchote ya juu, uache ya chini. Tangi lijaze jioni, maana hewa ya Yangambi ina unyevu mwingi na maji hujitengeneza ndani ya tangi lililo tupu.

Tena, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike kwenye daftari. Hapo hapo Yangambi, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walitangaza mwaka 1941 kwamba mchikichi wa ganda nene ukizalishwa na ule usio na ganda unatoa tenera, mchikichi wenye ganda jembamba na mafuta mengi. Walifika huko kwa kuhesabu na kuandika, mti kwa mti. Ukibadilisha filta, washa na pampu siku moja, trakta itapona na hutajua dawa ilikuwa ipi.

Kwa fundi nenda kwa heshima, ni mtu mzima. Mwambie: “Baba, tujaribu bidoni kwanza, washa nitanunua mimi.” Hakuna fundi mwema atakayekataa hilo. Halafu niandikie: kwa bidoni ilidumu au ilizima? Mpaka nipate jibu hilo, silinda hedi isiguswe.