Damu kwenye mkojo: si kila mara ni kichocho

Msambweni na vijiji vya jirani vimejulikana kwa miaka mingi kuwa na kichocho cha mkojo, ugonjwa wa minyoo wanaotoka kwa konokono wa mabwawa na mito. Ndiyo maana mkazi akiona damu kwenye mkojo, wazo la kwanza ni prazikwanteli. Mara nyingi huwa amekisia sawa. Hatari ni pale damu inaporudi baada ya dawa, naye akanyamaza.

Huenda ni jiwe la figo. Jiwe dogo, chini ya milimita 5, kwa kawaida hutoka lenyewe na mkojo, ingawa humgaragaza mtu mzima kwa maumivu. Jiwe kubwa lenye matawi ni jambo jingine. Hukua likijaza vyumba vya figo mpaka likafanana na tumbawe la mwamba wa Diani. Kwa kuwa halisogei, huenda lisiume sana: mgonjwa husikia uzito ubavuni, homa za kuja na kuondoka, na maambukizi ya mkojo yanayorudi kila dozi ikiisha. Mengi ya mawe hayo hutokana na bakteria wanaojificha ndani yake, ambako antibiotiki haiwafikii vizuri. Wakati huo figo inaharibika polepole, na kwa sababu ile ya pili hubeba kazi, mwenyewe hajui.

Prazikwanteli huua minyoo, haiyeyushi jiwe. Wala maji mengi hayatalitoa jiwe la ukubwa huo. Tiba ya kawaida ni daktari bingwa kutoboa tundu dogo mgongoni, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha kulivunja jiwe na kutoa vipande vyote. Kipande kikibaki, jiwe hukua tena. Hatua ya kwanza, hata hivyo, ni nyepesi: kupimwa mkojo na kupigwa picha ya altrasaundi. Picha hiyo inamfaa hata mwenye kichocho, kwani kichocho cha muda mrefu huweza kuziba mirija ya mkojo na kuvimbisha figo.

Aliyewahi kutolewa jiwe anashauriwa kunywa maji ya kumwezesha kukojoa takriban lita 2.5 kwa siku. Kwa mvuvi au mwendesha bodaboda anayeshinda juani, hayo ni maji mengi kuliko anavyodhani.

Homa kali pamoja na maumivu ya ubavu, au mkojo kukatika, si ya kusubiri kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo.